Sahani za Kombania ya Nne

Bwenini,
Jumapili, tarehe 2 Juni

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje, na masikio? Shangazi naye hajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ambayo yamelipitia bweni letu kitanda kwa kitanda na juzi yakafika changu.

Ninaandika kwa sababu Ijumaa darasa letu lilikwenda kwenye mnara. Unajua ninaousema: mnara wa kikosi chako. Sikukwambia mapema kwa sababu nilitaka kukushtua kwa furaha, halafu nimerudi sina uhakika kama ni furaha.

Tulikwenda kwa basi la shule, saa tatu nzima. Nilidhani uwanja wa vita utakuwa na kitu cha kutisha. Ni malisho tu. Kuna ng'ombe, kuna korongo lenye mto mwembamba, na mahandaki yamejaa nyasi laini hadi mtu angeweza kujilaza humo akasoma kitabu. Samahani, hilo ndilo wazo lililonijia. Mnara wenyewe ni wa mawe ya kijivu, una pande nne, kila kombania na upande wake. Mlinzi wa mnara alikuwa amekalia ndoo akipaka chokaa kwenye ukingo. Alituambia tusiegemee, chokaa bado mbichi, na nusu ya darasa walikuwa wameshaegemea.

Mwalimu wa Historia alitueleza kwamba mapigano ya pale yalianza tarehe 11 Julai na kuisha tarehe 14. Lakini upande wa Kombania ya Nne kuna majina kumi na tisa, kila moja na namba ya askari mwenyewe, na wote wameandikwa wamekufa tarehe 17. Niliyahesabu mara mbili. Mlinzi akasema hao ndio fahari ya mnara: walibaki peke yao siku tatu wakilishikilia korongo, wenzao wameshaondoka.

Babu, nilinyoosha mkono. Mimi! Nikasema, "Babu yangu alikuwa Kombania ya Nne." Wote wakageuka. Mwalimu akauliza alikuwa nani. Nikasema mpishi. Basi ikawa kicheko. Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Spika kwa sababu hanyamazi, akasema, "Kumbe adui walichapwa mwiko!" Uso ulinichemka. Lakini Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya namba 23 na alikaa hivyo muda mrefu kama mtu anayepima homa. Kisha akaniambia kwamba tarehe 17 Julai kuna kumbukumbu ya miaka arobaini, na mimi ndiye nitakayesoma habari za siku tatu za Kombania ya Nne mbele ya wageni. Mimi, ninayeogopa hata kuomba chumvi bwaloni.

Kwa hiyo nisaidie. Siku zile tatu ilikuwaje? Mbona hujawahi kunisimulia? Ninataka niandike kutoka kwako, sio kutoka kwenye kijitabu alichotugawia mlinzi.

Msalimu Shangazi. Mwambie juzi bwaloni nilikumbuka anavyokugombeza unapoweka mezani sahani nyingi kuliko watu, "Nani anakuja, Baba? Nani?" nikacheka peke yangu, watu wakanishangaa.

Mjukuu wako


Nyumbani,
tarehe 11 Juni

Profesa wangu,

Marahaba, na tena marahaba. Bahasha ilifika na alama ya kidole cha wino, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Goti linasema mvua itanyesha, na mvua haina habari. Masikio ni yale yale. Simu ikilia, Shangazi yako hunipiga bega. Mafua yako yanataka tangawizi na kulala mapema. Vitabu havikimbii.

Bati la jikoni limeng'oka upande mmoja. Shangazi yako alileta fundi, fundi akapanda, akapima, akatikisa kichwa, akaondoka na ngazi yetu. Tunaisubiri.

Nafurahi umetembea na umeona ng'ombe. Kuhusu hiyo kazi ya kusoma mbele za watu, mwambie mwalimu wako sauti imekauka. Una mafua, utakuwa hujadanganya. Ampe huyo Spika, maana naona ana pumzi. Mambo yale yalipita, na mimi nilikuwa jikoni. Mtu wa jikoni anaona sufuria. Yaliyoandikwa kwenye jiwe aliyaandika karani, na karani alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Kula vizuri.

Babu yako


Bwenini,
tarehe 16 Juni

Babu mpendwa,

Shikamoo. Ninatumaini goti limetulia na ngazi imepata njia ya kurudi. Mafua yameniacha, kwa hiyo siwezi tena kuyasingizia.

Nimekukasirisha? Umenisimulia jinsi ulivyounguza shati la meja kwa pasi ya mkaa. Umenisimulia mbuzi aliyekula ramani. Mimi nimekuuliza siku tatu, wewe umenijibu ngazi. Na ile sentensi ya karani na mwandiko wake nimeirudia mpaka maneno yamegeuka mchoro tu.

Halafu kuna jambo jingine. Kijitabu cha mlinzi, ukurasa wa sita, kinasema adui alivuka mto na kuondoka jioni ya tarehe 14. Ukurasa wa tisa kinasema Kombania ya Nne ilipigana hadi tarehe 17. Ilipigana na nani? Nilimpelekea Mwalimu. Alisoma kurasa zote mbili, akavua miwani, akasema, "Sijawahi kuziweka pamoja." Kisha akasema lile analotuambia kila siku, kwamba chanzo kimoja hakitoshi, mtu atafute cha pili.

Babu, cha pili ni wewe. Darasani sasa naitwa Mwiko, na sijali. Ila sitaki kusimama mbele za watu nikasoma kitu nisichokielewa.

Mjukuu wako


Nyumbani,
tarehe 29 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Ngazi imerudi, imepungua kidato kimoja.

Barua hii nimeianza mara nne. Shangazi yako anadhani naandika wosia, tangu jana ananiletea chai bila kuombwa. Palipofutwa paruke, soma palipobaki.

Jikoni kwetu kila askari alikuwa na sahani yake ya bati, na namba yake imegongwa ukingoni kwa msumari. Sahani zilikaa kwangu. Jioni mtu anakuja, anataja namba yake, nampakulia. Karani alikuwa makao makuu, mbali, hakuwahi kututia machoni. Kila jioni alinipigia simu ya waya na kuuliza swali moja: "Mpishi, sahani ngapi zimetoka?" Sahani iliyotoka, mwenyewe yu hai. Isiyotoka, namsomea namba, naye anaandika kwamba huyo amekufa, tarehe ya siku hiyo. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Maofisa walibadilishwa kila wiki, jiko halikubadilishwa, basi kazi ikaangukia jikoni.

Asubuhi ya tarehe 14 vijana walishuka korongoni kuchota maji. Ukaanguka mzinga. Mmoja tu. Watu husema mizinga, mizinga. Ulikuwa mmoja, na masikio yangu niliyaacha huko. Walikufa kumi na tisa. Tuliobaki tuliwazika mchana, hapo hapo.

Kati yao alikuwepo mmoja tuliyemwita Filimbi. Akija jikoni alipiga mluzi tangu mbali, ili nijue ni yeye nimbakizie ukoko wa wali. Namba ishirini na tatu. Mkewe alikuwa karibu kujifungua, na kutwa nzima alituomba majina ya mtoto, sisi tunampa majina ya vyombo: Sufuria, Birika, Kijiko. Alikuwa anacheka. Huyo nilimbeba mwenyewe. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Chakula nilikuwa nimeshakiinjika cha watu thelathini na mmoja. Jioni tukakaa watu kumi na wawili. Simu ikaita, sikuisikia, nilioneshwa. Nikaishika. Masikio yanalia kama mashine ya kusaga, lakini swali lake nilikuwa nalijua. Nikajibu, "Thelathini na moja."

Usiniulize kwa nini. Siku nyingine nasema ilikuwa njaa: posho ya kesho ilikuja kwa idadi ya leo, na tuliobaki tulikula mara mbili mbili, sitakuficha, nami nilikula. Siku nyingine nasema sikuweza kuzitamka zile namba. Sijui. Miaka arobaini sijui. Tarehe 15 nikajibu thelathini na moja, tarehe 16 vile vile. Na sahani nilizitoa kweli, zote, nikazipanga chini kwa mstari, ili nisiwe nimedanganya. Tarehe 17 akaja ofisa mgeni na lori. Akaona watu kumi na wawili na sahani thelathini na moja. Jioni ile nikamsomea karani namba kumi na tisa, naye akaandika tarehe 17 kwa mwandiko wake mzuri.

Siku tatu hizo hatukupigana na mtu. Tulikaa. Mmoja alishona kifungo, akakifumua, akakishona tena. Hivyo ndivyo tulivyolishikilia korongo.

Sasa unajua. Kusoma au kutosoma, hiyo ni juu yako.

Babu yako


Bwenini,
tarehe 3 Julai

Babu,

Shikamoo. Uko mzima? Nauliza kweli, sio kwa sababu barua huanza hivyo.

Asante kwa kuniambia. Nilisoma nikiwa maktaba, nyuma ya rafu ya atlasi, na kengele ilipolia sikutoka. Sikuchukii. Niliona niliandike hilo kwanza.

Jana niliamua kumweleza Mwalimu. Niliweka barua yako ndani ya daftari nikaenda chumba cha walimu. Alikuwa anasahihisha. Akasema, "Mwiko, keti," kisha akaomba radhi kwa kuniita hivyo. Mimi nikatafuta pa kuanzia, nikauliza swali la kijinga: kwa nini siku ile aliweka mkono kwenye namba 23.

Akasema, "Huyo ni baba yangu."

Babu, yeye ndiye mtoto wa Filimbi. Amezaliwa tarehe 15 Julai, mwaka ule ule. Akanisimulia kwamba mama yake, hadi anafariki, kila ilipofika siku yake ya kuzaliwa alimwambia: "Siku mbili nzima ulikuwa duniani pamoja na baba yako." Akasema utotoni, watoto wengine walipotaja baba zao, yeye alikuwa anazihesabu zile siku mbili. Alisema huku anatabasamu, halafu akaweka kikombe cha chai juu ya daftari langu. Juu ya barua yako, Babu. Niliona duara la chai likijichora kwenye jalada.

Nikachukua daftari nikaondoka.

Sasa sijui. Nikisoma ya kijitabu, nadanganya mbele za watu. Nikisoma yako, namnyang'anya siku mbili mtu ambaye hana nyingine. Nikinyamaza, kila kipindi atakapotuambia tutafute chanzo cha pili, mimi nitakuwa nimekikalia. Zimebaki wiki mbili. Wewe ungefanyaje?

Mjukuu wako


Nyumbani,
tarehe 9 Julai

Profesa wangu,

Marahaba. Sote hatujambo. Jikoni hakuvuji tena.

Ninaandika haraka barua iwahi. Nilipokuandikia mara ile nilichanganya mambo. Ni uzee, mwanangu, kichwa kimekuwa kama droo ya vijiko. Wale wengine ni kama nilivyosema, ila Filimbi hapana. Filimbi hakushuka korongoni siku ile. Niliyembeba alikuwa mwingine, mwenye umbo kama lake. Filimbi alikuwa nasi siku zote tatu. Asubuhi ya tarehe 17 alikuja jikoni na mluzi wake, akala akashiba, akaomba ukoko nikampa wote. Akaniambia, "Mpishi, moyo unaniambia mke wangu amejifungua, na ni wa kiume." Alikuwa na furaha sana. Alikwenda baadaye, kwa homa, bila maumivu, kama mtu anayesinzia.

Basi mwambie mwalimu wako hivyo. Zile siku mbili ni zake, zipo. Na ile barua ya kwanza ichome, haina kazi.

Babu yako anayekupenda


Bwenini,
Alhamisi, tarehe 18 Julai

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuombea goti na masikio, na ninaomba usome barua hii ukiwa umeketi.

Sikuichoma. Niliziweka barua zako mbili za mwisho juu ya kitanda, moja kando ya nyingine. Ya kwanza imefutwafutwa, mistari inashuka upande wa kulia kama inateleza. Ya pili ni safi, haina hata herufi moja iliyokatwa. Nilitaka sana kuiamini ya pili. Nililala nikiiamini, nikaamka siiamini, nikanywa uji nikaiamini tena. Kama ulisema kweli, mimi nimekudharau. Kama hukusema kweli, ulifanya kwa ajili yangu. Sikuweza kupambanua, na bado siwezi.

Tarehe 16, baada ya vipindi, nilimpa Mwalimu barua zote mbili. Nisamehe, sikukuomba ruhusa. Nilimwambia, "Ni za mtu mmoja na hazikubaliani." Kisha nikabaki nimesimama, sikujua kama niondoke.

Alizisoma kwa kufuata tarehe. Alipomaliza alizikunja vibaya, akazikunjua, akazikunja tena. Akaenda dirishani. Uwanjani walikuwa wanacheza mpira, akawatazama bila kuwaona, maana mpira uliingia golini watu wakapiga kelele na yeye hakushtuka. Mwishowe akasema, bila kugeuka, "Ya kwanza ameiandika mtu asiyejua itamfikia nani. Ya pili ameiandika mtu anayejua." Akaongeza: "Nimefundisha jambo hilo miaka kumi na tano. Kwenye ubao ni rahisi."

Nikamwambia samahani. Akasema, "Ya nini? Mimi ndiye niliyekutuma." Lakini sauti yake haikuwa ya kawaida, na sikujua kama amenisamehe au amechoka. Nikamuuliza kesho nisome nini. Akasema, "Soma unachokijua."

Basi jana nilisimama. Wageni walikuwa wengi, viti havikutosha, ng'ombe walisogea hadi kwenye kamba. Nilijishika kwenye mnara, na chokaa ikanishika mkononi. Nilisoma majina kumi na tisa, kila jina na namba yake. Nilipofika namba 23 niliogopa kumtazama Mwalimu, nikamtazama, naye alikuwa anaangalia viatu vyake. Kisha nikasema sentensi moja niliyoiandika kwenye basi: "Tarehe iliyochongwa hapa ni siku ambayo sahani zao zilibaki jikoni." Nikaketi.

Watu walitazamana. Mlinzi wa mnara akapiga makofi, wengine wakafuata, sidhani kama kuna aliyeelewa. Spika alininong'oneza, "Mwiko, hiyo ndiyo hotuba nzima? Mimi ningemaliza saa." Tukacheka, Babu, mimi na Spika, mahali pale.

Wakati wa kurudi Mwalimu alikuja kuketi kiti cha mbele yangu. Halafu, kwa sauti ndogo sana, akaanza kupiga mluzi. Sijui kama alijua anafanya hivyo. Alipoacha akaniuliza kama bado unapika. Nikasema humruhusu mtu mwingine kushika mwiko. Akasema angependa kuja. Jumamosi ya tarehe 27, na mimi nimepewa ruhusa ya siku mbili. Hakusema anakuja kukuuliza nini. Nilimwambia azungumze nawe upande wa sikio la kushoto.

Hasira anayo? Sikuona. Huzuni anayo, ila hiyo hata zamani alikuwa nayo. Kama hutaki aje, niandikie, nitatafuta la kumwambia. Barua zako amebaki nazo. Zote mbili.

Mjukuu wako


Nyumbani,
tarehe 22 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Njooni.

Nitapika wali, na ukoko nitauacha uive vizuri chini, nimbakizie mgeni wako.

Leo nimezitoa sahani kabatini kuzijaribu mezani, kwa kuwa ni siku nyingi hatujapata mgeni. Mimi, Shangazi yako, wewe, na Mwalimu. Sahani nne. Shangazi yako alisimama mlangoni na kitambaa chake cha vyombo, akazitazama, akazihesabu kwa kidole. Kisha akazihesabu tena.

Safari hii hakuniuliza nani anakuja.

Babu yako